Pointi 41, 81, 44: Kwa Nini Kocha Bingwa Hutimuliwa

Mmekuja baada ya kusikia kwamba profesa wa takwimu atazungumzia mpira. Naona ukumbi umegawanyika, Simba wa Msimbazi huku na Yanga wa Jangwani kule. Kwa usalama wangu niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Tanga, na ubingwa wa klabu yetu, Coastal Union, ni wa mwaka 1988. Jioni hii sina timu ya kutetea.

Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ya Miguel Gamondi iliifunga Simba mabao 5-1. Siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha wake, Robertinho, ambaye Agosti ya mwaka huohuo, palepale Tanga, alikuwa ameipokonya Yanga Ngao ya Jamii kwa mikwaju ya penalti. Gamondi akaumaliza msimu akiwa na ubingwa wa ligi mkononi, na Yanga ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Msimu uliofuata akashinda mechi nane za mwanzo za ligi bila nyavu zake kuguswa. Kisha Azam wakamfunga 1-0, Tabora United wakamfunga 3-1, na katikati ya Novemba 2024 naye akaonyeshwa mlango. Mtu aliyesababisha mwenzake kufukuzwa alidumu mwaka mmoja na siku chache tu baada ya hapo.

Uingereza mnyororo huohuo ulikuwa umekwisha kupita. José Mourinho aliipa Chelsea ubingwa Mei 2015. Desemba 14 ya mwaka huo alifungwa 2-1 na Leicester City ya Claudio Ranieri, na siku tatu baadaye hakuwa na kazi. Ranieri akatwaa ubingwa Mei 2016, ubingwa ambao kampuni za kubashiri zilikuwa zimeupa nafasi moja kati ya elfu tano. Januari 2017 FIFA ikamtangaza kocha bora wa dunia. Februari 23, mwezi na nusu tu tangu apewe tuzo, akafukuzwa.

Mashabiki wengi walilia uonevu, na Mourinho mwenyewe alitokea mbele ya waandishi akiwa na herufi za jina la Ranieri kifuani. Mimi sikuja kulia. Nataka kuwaonyesha namba tatu zilizo kwenye jina la mhadhara huu. Msimu wa 2014/15, kabla ya Ranieri, Leicester ilipata pointi 41. Msimu wa ubingwa ilipata 81. Msimu uliofuata 44. Ongezeni na wa baada ya hapo: 47. Mtu asiyejua mpira kabisa, akipewa mfululizo huo bila majina ya makocha, hatauliza kwa nini 44. Atauliza 81 imetoka wapi.

Hilo ndilo ninalolidai leo. Klabu nyingi zinapomtimua kocha aliyeshinda, zinamwadhibu kwa sababu ya mwaka wake mzuri. Mwaka ule ulikuwa na uhodari ndani yake, hakuna ubishi, lakini ulikuwa pia na bahati: majeruhi wachache, wapinzani wakubwa kuyumba wote kwa pamoja, mpira uliogonga mwamba na kuingia badala ya kutoka. Uhodari hubaki. Bahati haina mkataba. Msimu ukigeuka, timu hurudi karibu na kiwango chake cha kawaida, na sisi tunakuita kurudi huko kushindwa.

Sisi wa takwimu tunaliita jambo hili mrejeo kwenye wastani. Aliyelionyesha kwa vipimo ni Mwingereza Francis Galton, mwaka 1886, alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao. Wazazi warefu kupita kiasi walizaa watoto warefu, ila si warefu kama wao. Hakuna aliyewafanyia hila watoto wale. Kilele hakirithiki chote.

Sasa geuzeni upande wa pili, maana hapa ndipo viongozi wa klabu wanapojidanganya. Kocha hatimuliwi siku ya kawaida. Hutimuliwa timu ikiwa chini kabisa, na timu iliyo chini kabisa ina njia kubwa zaidi ya kupanda kuliko ya kushuka. Mgonjwa wa mafua huenda kwa mganga siku homa imempanda zaidi; apewe mizizi, apewe maji matupu, baada ya siku mbili atapata nafuu, na sifa zitakwenda kwa mganga. Kocha mpya huanza kazi siku hiyohiyo ya homa.

Tutajuaje kama dawa ilifanya kazi? Tutafute mgonjwa mwingine mwenye homa ileile ambaye hakwenda kwa mganga. Mwanauchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliifanya kazi hiyo kwa ligi kuu ya nchini kwake, misimu ya 1986 hadi 2004. Alizichukua klabu zilizoporomoka zikamfukuza kocha, akaziweka kando ya klabu zilizoporomoka vilevile zikamwacha. Zote zilipanda tena, na zile zilizofukuza hazikuonyesha faida yoyote juu ya zilizovumilia. Utafiti wake ulitoka mwaka 2011. Baadaye Jan van Ours na Martin van Tuijl walirudi kwenye ligi hiyohiyo na data mpya, wakafika karibu na hapohapo.

Nisiwafiche mfano unaonisumbua, na ni Leicester wenyewe. Ranieri aliondoka akiwa na pointi 21 katika mechi 25, nafasi ya kumi na saba, pointi moja juu ya shimo la kushuka daraja. Msaidizi wake, Craig Shakespeare, akakabidhiwa timu, akaifunga Liverpool 3-1 mechi ya kwanza, akashinda mechi tano za ligi mfululizo, akaitoa Sevilla na kuingia robo fainali ya Ulaya. Kwa jumla, pointi 23 katika mechi 13. Wachezaji ni walewale, uwanja ni uleule. Mtakayemuuliza pale Leicester atawaambia kwamba kumfukuza Ranieri kuliokoa timu, na sitathubutu kumwita mjinga. Inawezekana kabisa kwamba ndani ya chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na kitu kilichokatika ambacho msimamo wa ligi hauwezi kukionyesha. Chelsea nao, walipoachana na Mourinho, mkurugenzi wao wa ufundi Michael Emenalo alisema wazi kwamba kocha na wachezaji walikuwa hawaelewani. Hiyo ni sababu halali. Ni taarifa juu ya uhusiano wa watu, haikusomwa kwenye matokeo ya mechi tano.

Lakini kumbukeni mawili. La kwanza, N'Golo Kanté aliuzwa Chelsea Julai 2016, na Chelsea ikawa bingwa. Wilfred Ndidi wa kuziba pengo lake alisajiliwa Januari 2017, wiki chache tu kabla Ranieri hajaondoka. Ranieri alikula hasara ya pengo, Shakespeare akala faida ya kiraka. La pili, Shakespeare alipewa mkataba wa miaka mitatu Juni 2017. Oktoba akafukuzwa, timu ikiwa ya kumi na nane. Dawa iliyoponya Machi ilikuwa imeisha nguvu kabla ya Krismasi.

Na klabu hiyohiyo ilijaribu tena. Brendan Rodgers aliipa Kombe la FA mwaka 2021, la kwanza katika historia yake, na mara mbili akamaliza nafasi ya tano. Aprili 2023 akaondolewa timu ikielea kwenye eneo la hatari. Safari hii haikusaidia: Leicester ilishuka daraja mwezi uliofuata. Sijui watu wangapi wanaomkumbuka Shakespeare kama mkombozi huziweka habari hizi mbili kwenye mizani moja.

Nyumbani kwetu vilevile. Wananchi, mashabiki wa Yanga mlio hapa, mtaniambia kwamba baada ya Gamondi ubingwa wa 2024/25 ulikuja. Ulikuja, kweli. Ulikuja baada ya Sead Ramović, aliyeanza kwa kufungwa 2-0 nyumbani na Al Hilal ya Sudan, akaishia hatua ya makundi Afrika na kwenda zake Algeria. Ukaja mikononi mwa Miloud Hamdi. Ulikuwa ubingwa wa nne mfululizo. Nabi, aliyemtangulia Gamondi, alichukua miwili, Gamondi mmoja, na wa nne uligawanyika kwa makocha watatu. Takwimu zikiulizwa nani alishinda, zitaelekeza kidole kwenye kikosi na mfuko wa fedha kabla ya kulifikia benchi la ufundi.

Kwa nini basi kutimua makocha hakuishi? Kwa sababu mwezi Novemba dirisha la usajili limefungwa, wachezaji zaidi ya ishirini wana mikataba, na kocha ni mmoja. Wanasosholojia wa Marekani, William Gamson na Norman Scotch, waliandika mwaka 1964 kuhusu besiboli kwamba kumfukuza kocha ni kutoa kafara. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kiongozi hanunui pointi. Ananunua wiki tatu za utulivu kutoka kwa wanachama. Pengine zina thamani yake. Ila azilipie akijua ananunua nini, kwa sababu fidia ya mkataba uliovunjwa hutoka kwenye pesa ambayo ingemsajili beki.

Nikisema haya daima huinuka mtu akamtaja Alex Ferguson na miaka yake mitatu na nusu ya kungoja kombe pale Manchester. Mfano huo siutaki. Makocha waliovumiliwa wakazama pamoja na timu zao hawaandikiwi vitabu, kwa hiyo hatuwezi kuwahesabu. Sihubiri subira. Ninachodai ni hukumu iliyoandikwa kabla ya kesi.

Pendekezo langu ni dogo. Julai, kombe likiwa bado kabatini na kila mtu akicheka, kamati tendaji ikae na kuandika ukurasa mmoja: msimu ujao tunatarajia pointi ngapi kwa kikosi hiki, si kwa ndoto; tumemuuza nani; na ni jambo gani, mbali na vipigo viwili, litakalotufanya tuachane na kocha. Ukurasa huo utiwe sahihi. Siku ya kufungwa na mtani ufunguliwe na kusomwa kwa wanachama, kabla mtu yeyote hajapewa kipaza sauti. Mwenyekiti wa kwanza atakayefanya hivyo anijulishe. Nitapanda basi kutoka Tanga na kununua tiketi ya VIP kwa pesa yangu mwenyewe, hata kama mechi yenyewe ni dhidi ya Coastal.