Kofia za mkono na pesa za mchezo

Nawapeleka ndani ya nyumba za Makadara na Mji wa Kale, hapa Mombasa, ambako baada ya alasiri akina mama hukaa na kitambaa cheupe mapajani wakishona kofia. Kitambaa hutobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano hadi kikaze, mpaka ua litokeze. Kofia moja yaweza kuchukua miezi. Kushona huku ni burudani, naam, lakini kuna mapato.

Pesa hizo wengi huzitia kwenye mchezo: kila mmoja hutoa kiasi sawa, na kwa zamu mmoja huzichukua zote, akalipa karo au akanunua jiko. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, michango mingi hupitia simu. Simu hiyo hiyo sasa hukopesha kwa kubonyeza tu, na riba yake hula jasho la sindano. Mchezo hauna riba.

Nawasihi wanunuzi wa kofia za Idi: mkitajiwa bei ya kofia ya mkono, msiidunishe, kwani ndiyo inayolisha mchezo.