Miaka Miwili au Sabini: Kutumaini Uongozi wa Mungu katika Pwani ya Kusini



Mkristo wa Kenya hukutana na Yeremia 29:11 kila mahali: kwenye kalenda, kadi za harusi, hata nyuma ya matatu. Ni mstari ambao Mungu anawaahidi watu wake amani na tumaini la siku za mbele. Husomwa peke yake, kama methali. Mstari wa 10, uliotangulia, sijui kalenda inayouchapa, kwa maana unasema ahadi hiyo itatimia baada ya miaka 70. Aliyekuwa na umri wa miaka thelathini siku barua ya Yeremia kwa mateka, iliyobeba mistari hiyo, ilipofika Babeli alielewa mara moja kwamba atazikwa ugenini. Sura ya 28 inatuonyesha kwa nini barua ilihitajika. Nabii Hanania alikuwa amewatangazia watu miaka 2 tu, akaivunja mbele yao nira ya mti aliyoivaa Yeremia shingoni. Yeremia alikuwa ameupokea utabiri huo kwa kusema amina. Naye angependa uwe kweli. Mkasa huo ndio unaobeba hoja yangu. Kutumaini uongozi wa Mungu si kuwa na hakika ya tarehe, wala ya njia. Ni kushika wajibu ulio karibu pasipo kuonyeshwa mwisho wake, na anayekuuzia hakika wakati wa shida anakupokonya tumaini lenyewe.

Pwani ya kusini ina ushahidi wa jambo hili, na ni ushahidi mchungu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Ghasia zikaenea hadi Ukunda na Diani. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2002 inasema zaidi ya watu 100 waliuawa na takriban 100,000 walihama makwao, wengi wao wakiwa wabara: Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya. Wavamizi walikuwa wamekula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo, wakaahidiwa kwamba risasi hazitawadhuru. (Kaya zenyewe zisibebeshwe lawama; wazee wa Kaya Kinondo, hapo kusini mwa Diani, wanautunza msitu ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine.) Waliokimbia walijazana katika Kanisa Katoliki la Likoni. Kanisa halikuwa na dawa ya risasi. Lilikuwa na ua na mlango, na mlango ukafunguliwa. Aliyeufungua hakujua ghasia zitakwisha lini wala kama yeye mwenyewe atasalimika. Mkristo akiniuliza uongozi wa Mungu ulikuwa wapi mwezi ule, naanzia kwenye mlango huo, kwa sababu pale palikuwa na utii bila hakika, na Kaya Bombo palikuwa na hakika tupu.

Atakayepinga atanitajia Shakahola. Huko Kilifi, kuanzia Aprili 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunga kula wakisubiri kukutana na Yesu. Je, hao hawakutumaini? Walitumaini kuliko wengi wetu. Pingamizi hili ni zito, na halijibiwi kwa kusema tu kwamba walidanganywa, maana kila aliyedanganywa alidhani anaongozwa. Lazima kiwepo kipimo. Mimi nakipata katika barua ileile, ambayo sehemu yake kubwa ni maagizo ya kawaida mno: jengeni nyumba, pandeni bustani, kuleni mazao yake, oeni, zaeni, uombeeni mji mlimo. Kuleni! Nabii aliwaandikia watu waliofiwa na nchi yao, na agizo lake mojawapo ni chakula. Sauti inayomwambia mzazi amtoe mtoto shuleni, asimpeleke hospitali, na mwishowe amnyime uji, haina nasaba na barua hiyo hata ikitaja jina la Yesu mara mia.

Wengine watasema haya ni mahubiri ya kuwatuliza wanyonge. Mfanyakazi wa hoteli Diani anayerudishwa nyumbani masika yakianza, au yule aliyepoteza ajira uchimbaji wa titani wa kampuni ya Base ulipokoma Desemba 2024, atafaidika nini na miaka 70? Lakini kuutafutia mji amani ni pamoja na kudai mishahara, shule na haki. Mashehe waliopo hapa wataitambua hoja hiyo: kutawakali hakumwondolei mtu kazi ya kumfunga ngamia wake. Mlinganisho wangu wa pwani hii na Babeli una kasoro moja ambayo lazima niikiri. Kwale si Babeli. Wadigo hawakumteka mtu. Wao ndio wenyeji, na malalamiko yao ya ardhi ni ya kweli. Mbara anayejisoma kama mateka katika kitabu cha Yeremia atakuwa amelikwepa agizo gumu zaidi la barua, la kuhesabu amani ya jirani kuwa ndiyo amani yake.

Linabaki swali la waliouawa. Siko tayari kusema kifo chao kilikuwa hatua katika mpango fulani, wala simruhusu mhubiri awaambie wajane hivyo. Kitabu cha Maombolezo, ambacho mapokeo ya kale yanamhesabia Yeremia huyohuyo, hakisemi hivyo. Mstari wake wa mwisho, 5:22, unaishia katika hofu kwamba huenda Mungu amewakataa watu wake kabisa. Wayahudi wakikisoma hadharani hurudia mstari wa 21, ule wa kuomba kurejeshwa, ili wasinyamaze wakiwa katika hofu. Wa 22 nao husomwa kwanza, wote, kwa sauti.