Chakula Chetu na Shauri la Serikali

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema machache juu ya jambo lililoleta mabishano kati yetu: Serikali ina haki gani ya kumwambia mtu mzima ale nini nyumbani kwake? Wengi husema, "Fedha ni zangu na tumbo ni langu." Neno hilo lina heshima yake, wala sikuja kulidharau.

Lakini na tulitazame vema. Mwaka 1978 sheria ya Kenya iliagiza chumvi ya kula itiwe iodini, ili kuzuia ugonjwa wa rovu. Mwaka 2012 ikaagizwa kwamba unga wa mahindi na wa ngano uuzwao katika paketi utiwe vitamini A, madini ya chuma na zinki. Hakuna aliyenyang'anywa ugali wake. Mtu hawezi kuipima iodini dukani. Kazi isiyowezekana na mtu mmoja ni haki Serikali iifanye.

Nyama, mafuta na sukari ni jambo jingine. Hapo shauri latolewa, na mwenye kuchagua ni sisi. Basi tujiulize, ni nani hasa achaguaye? Baba asemapo "tumbo ni langu", mkewe na watoto sita hula kile alichonunua yeye. Hilo si tumbo moja. Ni matumbo manane.

Wako wasemao kwamba shauri la kula mboga ni la kigeni. Sivyo. Mabwana Orr na Gilks, ambao taarifa yao ilipigwa chapa mwaka 1931, walilinganisha afya ya Wamasai na Wakikuyu. Waliona tofauti baina ya wanawake ni ndogo kuliko baina ya wanaume, kwa kuwa wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kwa wingi kuliko waume zao. Managu, terere na kunde vilijulikana na mama zetu kabla hajaja afisa yeyote.

Serikali nayo ina deni. Haifai kumhubiria matunda mtu ambaye mshahara wake waishia kwenye unga. Shauri jema lisilotazama bei ni maneno matupu.

Sasa nageukia nyumba yetu wenyewe. Katika mikutano na matanga yetu, chai huchemshwa pamoja na maziwa na sukari katika sufuria moja. Mwenye ugonjwa wa kisukari ana njia mbili tu: anywe adhurike, au akatae aonekane mwenye maringo. Hapo uhuru wa kuchagua uko wapi? Aliyemnyima uhuru huo si Serikali, ni sisi. Na akilazwa hospitali, ni sisi tutakaopitisha daftari la mchango.

Kwa hiyo naomba Mkutano huu ukubali jambo moja dogo: kuanzia mwaka huu, sukari iwekwe kando katika bakuli, kila mtu ajitilie apendavyo. Atakaye vijiko vinne asizuiwe, na asiyetaka hata kimoja asiulizwe sababu.