Buluu ya Bastola Kuukuu
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya somo la kemia katika kazi za serikali. Wale niliosoma nao watacheka, maana wanazijua alama zangu. Basi sitahubiri. Nitaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe kwa kusahau somo la kutu.

Nilipoanza kazi nilikabidhiwa stoo ya vitu vya kale katika ofisi moja. Kabatini mlikuwa na bastola ya Webley ya enzi za Waingereza, mbovu, haifyatuki tena. Ilipotoka kiwandani ilikuwa ya buluu iliyokoza, karibu na weusi. Mimi niliikuta mtutu wake umekuwa wa hudhurungi, silinda ina rangi ya zambarau, na ncha ya mtutu imebaki chuma cheupe. Wageni walikuwa waje Jumatatu. Nikaona ule ni uchafu, nikamwagiza mhudumu aisugue kwa msasa. Kweli, iling'aa.

Laiti ningalikumbuka buluu ile ni kitu gani! Si rangi ya kupaka kama ya mlango. Ni kutu. Mafundi wa zamani walikipaka chuma dawa yenye asidi, wakakiacha penye unyevu mpaka kikaota kutu nyekundu. Kisha walikichemsha katika maji, na kutu nyekundu ikageuka nyeusi. Wakakipiga burashi, wakaanza tena, mara kadhaa. Baadaye viwanda vilipata njia ya haraka: kukitumbukiza chuma katika maji ya soda kali na chumvi za naitreti, yenye joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Njia ni mbili, lakini tokeo ni moja: tabaka la oksidi nyeusi ya chuma, Fe3O4, jembamba kuliko unywele. Kutu nyekundu hubanduka. Hii nyeusi hushikamana na chuma na kushika mafuta. Juu ya chuma kilicholainishwa vizuri, macho yetu huiona buluu.

Sasa, wadogo zangu, itazameni hiyo fomyula. Katika kila atomu tatu za chuma, mbili zimekwisha toa elektroni tatu tatu, lakini moja imetoa mbili tu. Hiyo moja bado ina safari. Mafuta yakikauka, unyevu ukiingia, na miaka ikipita, oksijeni huiendeleza, na sehemu ya tabaka hugeuka nyekundu. Wekundu ukichanganyika na weusi hutoa hudhurungi au zambarau. Chuma chenyewe nacho kina lake: chenye silikoni, nikeli au kromi hakishiki buluu sawasawa na cha kawaida, ndiyo maana bastola moja yaweza kuwa na rangi mbili. Tena jasho la kiganja lina chumvi, ngozi ya ala hutunza unyevu, na kila silaha inapochomolewa ncha ya mtutu husuguliwa kidogo.

Kwa hiyo rangi zile zilikuwa habari. Zilionyesha mahali mkono ulipokaa, na kwamba mwenyewe aliivaa kiunoni miaka mingi.

Miezi michache baadaye alikuja mama mmoja, mtu mzima. Baba yake alikuwa Inspekta wa polisi kabla ya Uhuru. Alishika daftari la marehemu, na ndani yake imeandikwa namba ya bastola aliyokabidhiwa. Hakutaka fidia wala silaha. Alitaka tu kujua kama ile ya kabatini ndiyo ile. Rejista yetu ilisema "bastola kuukuu, moja", basi. Tukaigeuza huku na huku chini ya taa. Namba ilikuwa imekwenda na msasa. Hudhurungi ya mahali pa kiganja nayo ilikuwa imekwenda.

Akaniuliza, "Mwanangu, nani aliyeisugua?"

Nikasema, "Ni mimi, mama, niliyeagiza."

Akafunga daftari lake, akashukuru, akaondoka. Sikumwona tena.

Fundi aweza kuitia bastola buluu mpya ikapendeza. Namba hawezi kuirudisha, wala miaka ya yule Inspekta. Tangu siku ile, kitu cha kale cha chuma kikinifikia hufanya hivi: kwanza huandika kila namba na kila alama; pili hupiga picha; tatu hukipangusa kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi kidogo, nikakihifadhi mahali pakavu. Msasa sigusi, wala siki, kwa kuwa asidi yake hula ile buluu upesi.

Wadogo zangu, karibu mtaanza kukabidhiwa funguo za makabati ya watu wengine. Kabla hamjasafisha, ulizeni kwanza ule uchafu ni kitu gani.