Mwenye meza hapotezi: maneno juu ya kasino, pari, poker na "ndege" ya ku telefone

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kadutu na Ibanda, hapa Bukavu. Tumeyaandika karibu vile yalivyotoka mudomoni.)

Najua wengine mumeacha match ku télé.

Sikukuja kuhubiri. Wachungaji wako wengi Bukavu na kazi ile wanaifanya vizuri kunipita. Mimi nilisoma statistika, diplome iko ndani ya kartable, kazi bado. Basi nikasema: kama hakuna mutu wa kuninunua hesabu zangu, nizitumie bure kwa kitu inayotuhusu. Tuhesabu feza yenye kutoka mufukoni mwetu na tuone inaenda wapi.

Tuanze na kasino, juu pale hesabu iko wazi. Muliona ruleti kwa filme: gurudumu, mupira mudogo, watu wa koti nyeusi. Ile ya Ulaya iko na vyumba 37, namba 1 mpaka 36, kisha zero. Ukiweka 1.000 franga kwa namba moja na ikatoka, unapokea 36.000. Sasa fikiri tajiri mwenye wasiwasi, anasema yeye hataki kupoteza, anaweka 1.000 kwa kila namba, zote 37. Ametosha 37.000. Lazima namba yake moja itoke. Anapokea 36.000. Gurudumu imezunguka mara moja, 1.000 imebaki kwa mwenye meza. Hakuna wizi, hakuna uchawi, hakuna sumaku chini ya meza. Ile ya Marekani wameongeza zero ya pili, vyumba 38, malipo ni yaleyale. Pale mwenye meza anabaki na 2.000. Kazi ya kasino njo ile: kuuza kitu ya 36 kwa bei ya 37, na kungoja. Yeye hana haraka. Anakupatia kiti, muziki, mahali pengine hata kinywaji, ili ukae.

Mutaniambia: mukubwa, sisi hapa ruleti tunaijulia wapi? Kweli. Sisi tunajua tiketi.

Chukua match ya ekipi mbili zenye nguvu sawasawa, na tuseme kwa pari ile hakuna kwenda sare, mumoja lazima ashinde. Kama mwenye sale ya pari angekuwa ndugu yako, angeandika 2 kila upande: unaweka 10.000, ukishinda unapata 20.000. Lakini hataandika 2. Ataandika 1,90. Weka 10.000 huku, 10.000 kule, umetosha 20.000, unarudi nyumbani na 19.000. Ni ruleti ileile imevaa jezi ya foot.

Na sasa ile tunayoipenda sisi, combiné. Match kumi ku tiketi moja, 1.000 franga, juu ya kupata "kitu ya maana". Kila match unaigusa nusu kwa nusu. Nafasi ya kuzipata zote kumi ni moja kwa 1.024. Namba zile 1,90 ukizizidisha mara kumi zinakupa karibu 613. Maana yake, siku umeshinda unalipwa 613.000, watu wanakubeba mabegani mpaka Nyawera, na hakuna mwenye kuuliza swali: kama hesabu ingekuwa ya haki, ningelipwa ngapi? 1.024.000. Zile 411.000 zilikatwa ukiwa unacheka. Kwa match moja wanakata tano kwa mia. Kwa kumi zikifungwa pamoja wanakata karibu arobaini kwa mia. Njo maana bonisi mingi ziko kwa combiné. Mufanyabiashara hawezi kukubembeleza ununue kitu yenye haimuletee faida.

Kuna wenye watasema wanajua mupira, hawachezi kama vipofu. Nakubali, wako wenye kujua. Lakini ule mwenye kuandika zile namba pia anajua mupira, tena ana mashini na watu wa mushahara wanafanya ile tu siku nzima. Wewe una habari ya TikTok kwamba fulani anaumwa goti.

Tuje kwa ndege. Aviator. Hii muninyamazie kidogo, juu naona telefone zingine zinawaka hapa nyuma.

Aviator ilitengenezwa na kampuni moja inaitwa Spribe, ilitoka mwaka 2019. Mwenye kuitengeneza mwenyewe anasema inarudisha 97 kwa mia. Watu wanasikia 97 wanafurahi: "Kumbe inakata tatu tu!" Lakini inakata tatu kwa kila ruko, haikati kwa siku. Una 5.000 ku Airtel Money ao M-Pesa. Unacheza 500, 500, 500. Ndege inaruka karibu mara tatu kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 180, umezungusha 90.000 na ulikuja na 5.000. Tatu kwa mia ya 90.000 ni 2.700. Kati kwa kati, saa moja tu, zaidi ya nusu ya feza yako imekwenda. Siku moja utapata zaidi, siku ingine utamaliza yote kwa dakika kumi, lakini ukikusanya siku zote, hesabu inarudi palepale. Na wale wenye kuuza "signal" ku WhatsApp na Telegram, wanasema wanajua ndege italipuka wapi: ndugu, mutu mwenye kujua hiyo hana sababu ya kukuuzia siri kwa dola tano. Angeicheza mwenyewe usiku, pole pole.

Poker ni kitu ingine, na sitaki kuichanganya juu wale wenye kuicheza watanikatalia, tena watakuwa na haki. Ku poker huchezi na mwenye nyumba, unacheza na wenzako, na akili inasaidia kweli. Mwenye nyumba anakata kidogo kwa kila feza inayokusanyika katikati ya meza, mara nyingi kama tano kwa mia. Kumi mumekuja na dola kumi kumi. Usiku ukiisha, hesabuni: dola mia hazimo tena, hata kama kila mutu anasema "mimi nimetoka sawa". Ili mumoja apate, wengine lazima walipe mwenzao na mwenye nyumba pia.

Na poker ina hadisi yake yenye iliendesha dunia nzima. Mwaka 2003, Marekani, kijana wa miaka 27, mutu wa compta wa Tennessee, alilipa dola 86 ku tournoi ya intaneti, akapata kiti kwa mashindano makubwa ya Las Vegas ambamo wengine walilipa dola 10.000. Walikuwa watu 839. Akashinda dola milioni mbili na nusu. Jina lake, bila mchezo, ni Chris Moneymaker. Mwaka uliofuata walikuja 2.576. Mwaka 2006 walikuwa 8.773. Kila mumoja alijiona Moneymaker. Mimi nauliza tu: wale 8.772 wengine ya mwaka ule, nani aliwahi kuona sura zao ku affiche?

Kisha tarehe 15 Aprili 2011, serkali ya Marekani ikafunga sites kubwa tatu kwa siku moja. Moja ilikuwa Full Tilt. Procureur alipofungua vitabu akasema kampuni ilikuwa na deni ya wachezaji karibu dola milioni 390, na ku banki mulikuwa karibu 60. Zingine wakubwa walijigawia. Kijana aliona ku ekran "uko na dola 2.000", lakini ile ilikuwa maandishi tu. Sasa nendeni nyumbani muulize wazee wenu neno moja: Bindo. Mwanzo wa 1991, Kinshasa, watu walipeleka hata feza ya nyumba yao kwa Bindo Promotion, juu waliambiwa itazaa mara nyingi kwa muda mufupi. Wa kwanza walilipwa kweli, kwa feza ya wale wa nyuma. Kisha ikaanguka. Mzee mwenye alipita ile atakuelewesha Full Tilt bila kujua karata hata moja.

Wadada walinituma niseme kitu ingine. Walisema: sema juu ya feza ya MUSO. Sema juu ya minerval ya mutoto. Kuna mumotari wa avenue yetu, anapashwa kupeleka versement kwa mwenye pikipiki kila jioni. Alianza kutafuta versement ku ndege juu siku ile mvua ilinyesha na abiria hawakuwa. Wiki tatu, pikipiki ilirudi kwa mwenyewe. Hakuwa muvivu. Wanatuambia vijana wa pari ni wavivu. Mimi naona kinyume, naona watu wanaamuka mapema, wanasoma namba, wanaandika, wanafuata, kwa nguvu yenye ingetosha kushika kazi, kama kazi ingekuwa. Pale pesa ya kazi haipatikani, mwenye kukuuzia bahati hahitaji publicité mingi.

Lakini publicité anaiweka bado. Mwaka 2019 kampuni 1xBet ilifanya mapatano na CAF, na tuliiona ku CAN zetu. Mwaka uleule, Liverpool, Chelsea na Tottenham zilivunja mapatano nayo, kisha gazeti moja la Uingereza kuchimbua mambo yake. Na mwaka 2023 klabu za Premier League zilikubaliana kutosha majina ya pari mbele ya jezi, mwisho wa saison 2025-2026. Kitu chenye wanaona hakifai kwa kifua cha wachezaji wao, kwetu kinapakwa rangi ku kiosque karibu na masomo ya msingi.

Majirani walijaribu. Uganda, Januari 2019, serkali ilisema haitapatia tena leseni mpya kampuni za kigeni za pari. Kenya, mwaka uleule, ilikataa kurudishia leseni kampuni 27. Sitawadanganya, haikwenda kirahisi: Kenya watu wengi walipoteza kazi, na kampuni zingine zilirudi. Hata hapa, yule dada anayekaa nyuma ya grillage kutoa tiketi ni mwenzetu, labda ana diplome kama mimi. Sina shida naye. Na kufunga bila kufikiri kunapeleka mchezo ku telefone, ambako hakuna hata grillage.

Kwa hiyo tutaanza na maswali. Inchi yetu iko na SONAL, shirika ya loteri ya serkali. Kwa mambo ya mines, leo mwananchi anaweza kufungua ripoti ya ITIE akaona kampuni gani ililipa ngapi. Tunaomba ileile kwa pari. Nani yuko na leseni hapa mujini, aliipata lini? Analipa kodi ngapi, na kwa nani? Nani anaangalia carte ya mutoto wa miaka 14 mbele ya kumupatia tiketi? Barua iko tayari, kurasa mbili, itapelekwa ku mairie. Mwenye kutaka kutia signature aone Secrétaire hapa mbele.

Ya mwisho. Siku ya posho, saa tisa, hapahapa, kila mutu alete tiketi zake za mwezi huu, zenye kushinda na zenye kupoteza, na wa ndege alete historique ya telefone. Hakuna wa kuchekwa, majina hatuandiki. Tutaweka yote ku meza moja: feza iliyoingia kule, feza iliyorudi huku. Nitaleta calculatrice. Wenye tiketi za zamani chini ya godoro, msizitupe, nazo zinahesabika.