Baka Jekundu Usoni mwa Mtoto

Msikilizaji, mtoto amezaliwa salama, ila nusu ya uso wake ina baka jekundu la kuiva. Kabla arobaini haijafika, maneno yameshaanza: mama alikula nini, alimcheka nani, alijishika wapi mwezi ulipopatwa. Hakuna hata moja lenye ukweli.

Mwaka 2013, watafiti wa Baltimore na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza chanzo cha baka la namna hii. Ni kosa la herufi moja tu katika jeni iitwayo GNAQ. Hutokea ndani ya seli moja ya mtoto akiwa tumboni, baada ya mimba kutungwa. Seli hiyo ikigawanyika, wazao wake hulibeba kosa. Seli nyingine za mwili hazina habari. Ndiyo maana mara nyingi baka hukaa upande mmoja tu. Mama hakumrithisha, baba naye hakumrithisha, kwa hiyo mawifi wanaochunguza ukoo wa bibi harusi wapumzike.

Ipo aina nyingine, yenye mabaka madogo mengi, ambayo huweza kurithiwa kupitia jeni ya RASA1.

La kuangaliwa haraka ni baka linalofunika paji la uso na kope. Kosa hilohilo la GNAQ laweza kuwa limegusa mishipa ya ubongo na ya jicho, likaleta kifafa au presha ya macho. Mtoto huyo apelekwe hospitali mapema, apimwe macho; na akipata degedege, hasa la upande mmoja wa mwili, asisubirishwe hadi kesho.