Kibanda cha Kuni: Kijenge Kabla ya Mvua Ndefu

Mazungumzo ya afisa wa ugani wa misitu katika baraza la wakazi, Msambweni



Nimeombwa nizungumzie kuni, na najua wapo wanaosema moyoni, kuni nazo zina somo gani? Tumezaliwa tumezikuta mafigani. Ni kweli. Lakini kila mwaka mwezi wa Mei, mvua ikishakaza, ukipita manyumbani utaona jambo lile lile. Mzigo wa kuni umeegemezwa ukutani, umefunikwa kipande cha nailoni, na jikoni mama anapuliza moto huku machozi yanamtoka. Mtoto aliye mgongoni anakohoa. Kuni zile zilikatwa Februari, jua lilikuwepo, upepo ulikuwepo. Hazikupewa nafasi ya kukauka.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni, moto unaanza kwa kuyachemsha maji hayo kabla haujakupikia wewe, na unachopata ni moshi. Kuni huwaka vizuri maji yakishuka chini ya asilimia 20. Hapo maharagwe yale yale yanaiva kwa kuni chache, na jikoni mtu anafungua macho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yake ni vya watoto walio chini ya miaka 5. Watoto hao ndio wanaoshinda jikoni na mama zao.

Basi tujenge kibanda. Nianze na kosa ninaloliona mara nyingi: watu wanakijengea kibanda cha kuni ukuta wa udongo pande zote, na mlango juu yake, kama chumba cha mgeni. Kuni zinaingia mbichi, zinatoka na ukungu. Kibanda cha kuni kinataka paa na upepo. Ukuta hakitaki. Kama unaogopa wezi, kifunge mbwa karibu.

Mahali pa kukiweka ni penye mwinuko, maji ya mvua yasipopita. Kiwe mbali na jiko na nyumba, hatua 10 au zaidi, hasa kama paa lako ni la makuti, maana makuti yakishika moto hayangoji mtu alete ndoo. Halafu uangalie pepo zetu. Mvua ndefu, kuanzia Aprili, inakuja na Kusi, na Kusi inatupiga kutoka baharini, kusini-mashariki. Kwa hiyo upande wa chini wa paa uelekee huko, ili mvua ya kusukumwa na upepo iteleze juu. Upande wa juu utazame bara, upate jua la alasiri. Kaskazi ikivuma kuanzia Desemba hadi Machi itapita katikati ya kuni na kuzikausha.

Vipimo ninavyowashauri ni urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Nguzo ziwe 6: tatu mbele, tatu nyuma. Juu ya ardhi, za mbele ziwe na mita 2, za nyuma mita 1.6, na kila moja uongeze futi 2 za kuzama ardhini. Paa lake ni mabati 3 ya mita 2, yatakayotokeza kama sentimita 40 mbele na nyuma. Ukitumia makuti ya viungo, paa lazima lisimame zaidi, la sivyo linavuja: nguzo za mbele zifike mita 2.4 na za nyuma zishuke hadi 1.5. Kwa mtu wa Diani au Gazi aliye karibu na bahari mimi ningechagua makuti, kwa sababu chumvi inayala mabati upesi. Aliye Mwangulu au Lunga Lunga ndani na atumie mabati akiyapata. La muhimu ni kulifunga paa kwa waya hadi kwenye nguzo. Msumari peke yake Kusi huung'oa.

Nguzo ziwe za mvinje au mwarobaini. Boriti za mikoko naziomba tuziache. Wenzetu wa Gazi na Makongeni tangu 2013 wanailinda mikoko yao kupitia Mikoko Pamoja, na fedha za hewa ya ukaa zimeingia katika maji na shule. Haifai nguzo ya kibanda cha kuni itoke huko. Na kuni zenyewe pia: zikikauka vizuri unatumia chache, na safari za kwenda msituni zinapungua. Wazee wa kaya hapo Kinondo wanakataza hata kijiti kutoka ndani, na katazo hilo linakuwa jepesi kulifuata kwa mama ambaye kuni zake ziko nyumbani.

Adui mkubwa wa kibanda ni mchwa. Wengi hupaka nguzo oili chafu ya gari. Inasaidia, lakini usiitumie karibu na kisima, kwa kuwa yale yanayozama ardhini tutayanywa. Choma ncha ya nguzo motoni mpaka iwe nyeusi kama mkaa, kisha uizike juu ya jiwe pana. Chini ya kuni usiache udongo ukigusana na ukuni hata mmoja. Panga mawe au vipande vya bloki, juu yake laza fito nene, uchaga wako uwe shubiri moja juu ya ardhi. Ukifagia chini yake mara kwa mara utauona mchwa akianza kupanda. Nyoka na nge nao wanapenda giza na vitu vilivyotulia, kwa hiyo kuni zitolewe mchana, na mtoto asiingize mkono mahali asipopaona.

Sasa kupanga. Ukuni mnene kuliko mkono wa mtu mzima upasue, kwa sababu ganda huzuia maji kutoka. Panga kwa kulaza, uache mianya. Nguzo zile za katikati zina kazi yake: zinagawa kibanda sehemu mbili. Upande mmoja kuni za mwaka huu za kupikia, upande wa pili zile mbichi. Ukichanganya, utakuwa unachota mbichi juu na kavu zinazeeka chini. Kibanda kikijaa kinabeba karibu tani moja ya kuni kavu, sawa na mizigo 40 ya kichwani ya kilo 25.

Ukipogoa miembe na mikorosho wakati wa Kaskazi, usichome matawi shambani. Yapasue, yapange, uyape miezi mitatu hivi, minene zaidi. Utajua zimekauka ukiona nyufa kwenye ncha, ganda linabanduka, na ukizigonganisha zinalia ko! ko! Mbichi hutoa sauti ya kupooza. Vifuu, makumbi na makarara vitie kwenye magunia chini ya paa hilo hilo. Karara kavu hakuna kiwashio kinachoishinda, na inaokoa mafuta ya taa.

Kitu kimoja kisiingie kibandani kabisa: mbao kuukuu zilizopakwa rangi, na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, kama zile za stima. Najua huko kwenye majengo hutolewa bure. Dawa iliyomo, kwa nyingi yake, ina sumu ya aseniki, na moshi wake unaingia chakulani na vifuani.

Nimekuja na futi, panga na kamba. Bwana Chifu ametupa uwanja hapo nyuma ya ofisi, na nguzo 6 za mvinje zimeshalazwa. Kina mama wanaotaka kupima watangulie nami, na vijana wawili wachukue sururu, tuanze na shimo la kwanza.